Ada ya Mgeni

Tafakari ya juma. Somo: Mambo ya Walawi 19:9–18 na 33–36

Sura ya 19 ya Mambo ya Walawi ni kama kikapu cha mama anayetoka soko la Mpondwe: kila kitu kimo, na hakuna kilichopangwa. Wazazi waheshimiwe, shamba lisivunwe hadi pembeni, ujira wa kibarua usilale kwa mwajiri, kiziwi asilaaniwe, mzee akiingia watu wasimame, mgeni asionewe. Na mara tu baada ya mgeni, pale ambapo msomaji hategemei, zinakuja mizani na vipimo vya haki. Wahubiri wengi huipita sura hii mbio kwa sababu haina kisa cha kusimulia. Nimeiweka mbele yenu juma hili kwa sababu Februari imekaribia, shule zitafunguliwa, na tangu Krismasi swali linaloletwa mlangoni kwangu ni moja tu: mtoto asome wapi, na kwa pesa ipi?

Wanaoniuliza si wenyeji. Mwenyeji anazijua shule zake. Anajua nani alisoma wapi, na mwalimu yupi haonekani siku za Ijumaa. Wanaouliza ni wageni, na katika kona hii ya Kasese wageni ni wengi kuliko anavyodhani mtu wa Kampala. Kuna familia za Kasindi, Beni na Butembo zilizohamia kutoka Kongo hadi upande huu wa mto Lhubiriha, nyingine kwa biashara, nyingine kwa kukimbia bunduki. Kuna Wakenya na Watanzania wa kutoa mizigo forodhani. Kuna wauguzi na watu wa mashirika. Kuna wale Wazungu wachache wa hoteli za mbugani na wa utafiti wa wanyama, upande wa Katwe na Mweya. (Nikisema Katwe siisemi ile ya Kampala iliyotengenezewa filamu ya sataranji. Naisema Katwe ya ziwa la chumvi, ambako kiboko anapita mbele ya duka na hakuna anayepiga kelele.) Na mimi mwenyewe nimo. Nimetoka Karagwe, Tanzania, na wanangu wanavaa sare ya huku.

Mgeni akiniuliza shule ipi ni nzuri, humwuliza kwanza atakaa hapa hadi lini. Wengi hawapendi swali hilo. Mtu anaweza kukaa Bwera miaka mingi huku moyoni amepiga kambi tu: amepanga nyumba, amenunua pikipiki, amejua bei ya nyanya, lakini mtoto yuko kwa bibi yake ng'ambo, au yuko bweni mbali Kampala, na kila anachokipenda kiko huko. Simhukumu. Nasema tu kwamba siku mtoto wako anapoketi benchi moja na mtoto wa jirani, ndiyo siku uliyohamia. Kabla ya hapo mwalimu wa kijiji akikosa mshahara, habari hiyo unaisikia redioni. Baada ya hapo unaisikia mezani kwako, kutoka kinywani mwa mtoto wa miaka minane.

Waliotuletea Injili walilijua jambo hili, na wengi wao walichagua njia nyingine. Mwaka 1906 misheni ya Africa Inland ilianzisha shule Kijabe, nchini Kenya, kwa ajili ya watoto wa wamisionari. Rais wa zamani wa Marekani, Theodore Roosevelt, aliweka jiwe la msingi la jengo lake mwaka 1909. Shule ile ilikuwa na kila sababu njema. Malaria ilikuwa inaua, vituo vilikuwa mbali, na mzazi hakujua mwanawe atarudi lini kwao na kwa elimu gani. Hata hivyo wazee wetu waliona. Waliona mtu anayewajengea darasa na kuwahimiza wapeleke watoto, ila wa kwake hamleti. Hawakusema neno, walikuwa na adabu. Sasa mweke kando yake Apolo Kivebulaya, Muganda aliyevuka kutoka Toro kwenda Boga, upande wa Kongo, mwaka 1896. Alipigwa, alifungwa, akarudi tena, akafundisha watu kusoma hadi alipofariki mwaka 1933. Hakuwa na shule nyingine mfukoni. Ile aliyoifungua Boga ndiyo aliyokuwa nayo.

Basi tuingie kwenye uchaguzi wenyewe, maana tafakari isiyogusa karatasi ya ada haimsaidii mtu Januari.

Shule ya serikali iko karibu na kila mmoja wetu. Tangu mpango wa elimu ya msingi kwa wote, UPE, ulipoanza mwaka 1997, mlango wake uko wazi, na sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inamtaka mtoto wa mkimbizi atendewe sawa na raia katika elimu ya msingi. Mzazi mgeni husikia neno "bure" akafurahi, halafu anaitwa kulipia chakula cha mchana, karatasi za mitihani, fagio na rimu, anakasirika, anadhani ameibiwa. Hajaibiwa. Ruzuku ya serikali kwa kila mtoto ni kama shilingi 20,000 kwa mwaka mzima. Jaribu kununua jozi moja ya viatu vya shule vya maana kwa pesa hiyo, halafu uje tuzungumze juu ya bure.

Kitu kingine kinachomshtua mgeni katika shule ya serikali ni lugha. Tangu mtaala wa mwaka 2007, P1 hadi P3, yaani darasa la kwanza hadi la tatu la msingi, katika shule za vijijini hufundishwa kwa lugha ya mahali, na kwetu hiyo ni Lukonzo. P4 ndipo Kiingereza kinaposhika darasa. Mnande wa Beni hana shida hapo, kwa kuwa Kinande na Lukonzo ni ndugu wa tumbo moja, na mtoto wake huenda akawapita wenyeji. Mkenya na Mtanzania wanashika kichwa. Mzungu anasema mtoto wake atapoteza miaka mitatu. Mimi sikubaliani nao. Mtoto anayejua kusema "wasingya" kwa mama wa jirani aliyempa muhindi wa kuchoma hajapoteza kitu, na hesabu ni ileile kwa lugha yoyote. Na Kiswahili chetu hakitakufa: tangu mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020 ni somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikipitisha kuwa lugha rasmi ya pili.

Shule binafsi huanza Kiingereza tangu darasa la watoto wadogo kabisa, huandika matokeo ya mtihani wa P7 kwenye bango barabarani, na ada yake hupanda kila mwaka kama mto Nyamwamba wakati wa mvua. Nyingine ni nzuri kweli. Nyingine bango ndilo pekee lililo zuri. Utazijuaje? Watu hukagua vyoo, na ni sawa, vikaguliwe. Huuliza asilimia ya waliofaulu. Mimi nawaomba muulize swali moja linalotoka katika aya ya 13 ya somo letu: walimu wamelipwa mwezi uliopita?

Swali hilo linaonekana la ukorofi, na mwalimu mkuu huenda akacheka. Uliza tu. Kumbukeni shule za Uganda zilivyofungwa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, muda ambao hakuna nchi nyingine duniani iliyoufikia. Walimu wa shule za serikali waliendelea kupata mshahara. Wale wa shule binafsi wengi waliachwa hivihivi. Wakaendesha bodaboda, wakachoma matofali, wakauza nguo. Milango ilipofunguliwa baadhi hawakurudi, na baadhi ya shule nazo hazikurudi. Ukiona shule ambayo walimu wake wanabadilika kila muhula, usitafute sababu mbali. Ujira umelala kwa mwajiri, na wewe mzazi uliyelipa ada kwa wakati unadhani umemlipa mwalimu. Mungu wa Mambo ya Walawi hakumwekea mwajiri hata usiku mmoja.

Ulizeni pia habari za kiboko. Tangu marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016, kumchapa mwanafunzi shuleni ni kosa. Fimbo bado zipo, zinaegemea nyuma ya ubao, kila mtu anajua. Hapo mgeni asinyamaze kwa kuogopa kuonekana anajifanya bora. Aseme kwa heshima, faraghani, na aseme mapema.

Kuna jambo la watoto wetu wanaotoka Kongo ambalo haliwezi kupita hivihivi. Mwaka wa shule wa Kongo unaanza Septemba. Wa Uganda unaanza Februari. Kule wanasoma Kifaransa, huku Kiingereza. Basi kijana aliyekuwa mwaka wa sita wa msingi Beni, anayejua sehemu na desimali, na ambaye bulletini yake, yaani ripoti ya shule, ina asilimia za kujivunia, anavuka daraja na kuwekwa P3. Ana miaka kumi na mitatu. Magoti yake hayaingii chini ya dawati. Watoto wa miaka minane wanamsahihisha matamshi. Wazazi wake wanaona aibu kuliko yeye, na wengine humtoa baada ya muhula mmoja akauze mafuta ya magendo mpakani.

Msome Danieli sura ya kwanza. Yeye na wenzake watatu walipelekwa Babeli wakiwa vijana wenye akili, wakaingizwa shule ya lugha ngeni na maandiko mageni. Walibadilishwa hata majina, na sisemi kwamba hilo lilikuwa jema. Lakini angalieni muda: mfalme aliwapa miaka mitatu, na chakula juu yake. Nebukadneza, ambaye hatumtaji kwa upole, alielewa kwamba akili ya mtu na lugha ya mtu ni vitu viwili. Sisi tulio watu wa kanisa tunawapa muhula mmoja halafu tunasema mtoto ni mzito. Enyi walimu mnaonisikiliza, mpimeni kijana hesabu kwa lugha anayoijua. Mwekeni darasa linalolingana na akili yake, mfundisheni Kiingereza jioni. Katika ibada yetu wapo watu wanaojua Kifaransa na Kiingereza vyote viwili na jioni zao wanazimalizia kwenye mpira wa Uingereza. Mnajijua.

Na mzazi, kabla ya kijana wako kufika sekondari, jua kwamba vyeti vya nje hulinganishwa na baraza la mitihani, UNEB. Anza mapema. Nimeona watu wakianza wiki ya usajili, na machozi yao nimeyaona pia.

Bweni. Hapa nazungumza polepole. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wauaji wa ADF, kundi la waasi la upande wa Kongo, walivuka mpaka na kuingia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, hapa Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, na 37 kati yao walikuwa wanafunzi waliokuwa wamelala bwenini. Wengine walichomwa moto, wengine walikatwa mapanga. Tulizika. Sitaongeza maelezo, wapo miongoni mwenu wanaoyajua kuliko mimi. Nalitaja kwa sababu tangu siku ile kila mzazi mgeni ananiuliza kama ni salama, naye anataka nijibu ndiyo au hapana. Wenyeji hawaniulizi hivyo. Wao walirudi kwenye swali la ua, la mlinzi, la umbali wa bweni kutoka mpakani, la mtoto kulala nyumbani angalau hadi atakapokuwa mkubwa. Nadhani walirudi mahali sahihi. Mtoto wa shule ya msingi anayeweza kutembea kwenda na kurudi, alale kwa mama yake. Bweni la mtoto wa P2 kwa sababu mzazi ana shughuli nyingi silielewi, na silibariki. Lakini mgeni anayesema "nitaondoa wangu, ninyi bakini" naye aseme kwa sauti ya chini, maana kuna mama anayemsikia ambaye hana pa kumpeleka wake.

Sasa mizani.

Mzazi mmoja alinionyesha karatasi mbili za shule moja ambayo sitaitaja. Muhula uleule, darasa lilelile. Karatasi yake ilikuwa na mstari mmoja zaidi, umeandikwa kwa kalamu: maendeleo. Mstari huo peke yake ulikaribia nusu ya ada. Karatasi ya jirani yake, Mkonzo, haikuwa nao. Alipouliza, alijibiwa kwa tabasamu kwamba wageni wana wafadhili.

Najua maneno hayo yalikotoka. Watu wa Katwe wameona wageni wengi. Mwaka 1891 Kapteni Lugard, Mwingereza, alikuja akajenga ngome ili aushike mlango wa chumvi, chumvi ambayo Bunyoro na Toro zilikuwa zimeigombania kwa damu. Chini ya miaka mia baadaye kampuni ya Kijerumani ilijenga kiwanda kikubwa kando ya ziwa. Maji ya chumvi yakala mabomba, kiwanda kikasimama, na hadi leo vyuma vyake vinaoza pale juu huku akina mama wakiendelea kuvuna chumvi kwa mikono kama mabibi zao. Mtu aliyekulia mbele ya vyuma hivyo akimwona mgeni, anaona pesa inayokuja na kuondoka. Akichota kidogo kabla haijaondoka, moyo wake haumshtaki sana.

Lakini hebu mwone huyo mgeni mwenye mfadhili. Februari iliyopita nilipanga foleni kwenye dirisha la mhasibu nyuma ya mama mmoja wa Kasindi. Alikuwa amevaa kitenge cha Jumapili ingawa ilikuwa Jumatatu. Ndani ya kitambaa alichokifunga kiunoni alikuwa na noti ya dola hamsini, na noti hiyo ilikuwa na kapasuko pembeni, kadogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Kwao minervale, yaani ada ya shule, hutajwa kwa dola, na dola yenye kasoro haipokelewi. Wavunja pesa wa mpakani wote walikuwa wameikataa. Aliomba shule iipokee hivyohivyo. Mhasibu, kijana mpole, aliigeuza, akainyoosha kwenye mwanga, akairudisha chini ya dirisha. Kando alisimama binti yake na godoro lililofungwa kamba, jerikani ya njano na fagio mbili mpya, akitazama midomo ya watu wakizungumza Kiingereza. Mama akafungua kitambaa upya, akatoa shilingi zilizokuwa za nauli na chakula cha wiki, akazihesabu moja moja. Zikatosha kidogo zaidi ya robo. Binti aliingia kwa ahadi ya siku saba. Huyo naye, kwenye daftari la shule ile, ni mgeni.

Ndiyo maana sioni ajabu tena kwamba aya ya 34 inazungumza juu ya mgeni na aya ya 35 inazungumza juu ya mizani. Anayeandika hapo anamjua mfanyabiashara. Mgeni haonewi kwa fimbo mara nyingi. Anaonewa kwa kipimo, kwa sababu hajui kipimo cha kawaida ni kipi. Ada tofauti kwa asiye raia si dhambi yenyewe. Vyuo vikuu vinaiandika kwenye orodha, na mtu anaisoma kabla ya kuomba nafasi. Dhambi ni mstari unaoongezwa kwa kalamu baada ya kuangaliwa sura au kusikilizwa lafudhi. Nawaambia ndugu zangu wenye shule, na wengine mko kwenye kamati za shule zilizoanzishwa na kanisa lenyewe: karatasi ya ada iwe moja, iwe imechapwa, iwe na mhuri, ibandikwe ukutani. Mkitaka mchango kwa ajili ya jengo, uombeni kama mchango, kwenye mkutano, mbele ya wote. Mgeni atatoa. Wengi wao wanatamani kuombwa kama watu badala ya kuwindwa kama swala.

Nanyi wageni, msikimbilie kusema amina. Mizani ina sahani mbili. Yuko mzazi mgeni anayelipa mwaka mzima siku ya kwanza, analeta kompyuta kabla ya Pasaka, na kufikia Juni mwanawe ni kiranja, hafagii, hachelewi hata akichelewa, na mwalimu aliyempa alama mbaya anaitwa ofisini. Hakuna aliyemwomba mwalimu mkuu afanye hivyo. Kompyuta iliomba. Aya ya 15 inakataza kumpendelea maskini na inakataza vilevile kumstahi mwenye nguvu. Inataka jirani ahukumiwe kwa haki. Ukitaka kuisaidia shule, pitisha msaada kwenye kamati ya shule au PTA, chama cha wazazi na walimu, uandikwe kwenye mihutasari, na ukae mkutano mzima, hata ile saa ya tatu ambapo watu wanabishana juu ya uzito wa gunia la mahindi. Ukikaa hapo mara mbili, watu huanza kukusahau kuwa mgeni, na ile karatasi yenye mstari wa ziada huwa ngumu kuandikwa.

Limebaki jambo la chumvi na mvua. Familia nyingi za Katwe hulipa ada kwa viwanja vya chumvi. Jua likiwaka, maji yanakauka, chumvi inakusanywa, lori linakuja, pesa inapatikana. Februari si mbaya, kwa sababu Desemba na Januari ni kiangazi. Lakini mvua za Machi hadi Mei zinaingia viwanjani na kuyeyusha kazi ya wiki nzima kwa usiku mmoja, na muhula wa pili unafunguliwa mwishoni mwa Mei, mifuko ikiwa mitupu kabisa. Halafu wiki mbili tatu zikipita, mhasibu anazunguka madarasani na orodha. Anayesomwa jina anachukua begi anaenda nyumbani.

Mtoto wa mgeni mwenye ajira hasomwi. Baba yake analipwa mshahara; mvua haimhusu. Anabaki darasani na madawati matupu, na mwalimu hafundishi kitu kipya kwa sababu nusu hawapo. Jioni anauliza kwa nini wenzake wamefukuzwa, na kama walifanya kosa. Wangu waliniuliza. Wale wa kwetu waliotoroka Kongo wakauliza kwa Kinande, na mtoto wa yule mtafiti wa wanyama kule Mweya, naamini, ameuliza kwa Kiingereza.

Rudini kwenye aya ya 9 na ya 10. Mwenye shamba asivune hadi pembeni. Pembe ya shamba na masuke yaliyoanguka aachiwe maskini na mgeni. Humo mgeni ni mwokotaji. Ruthu alikuwa mwokotaji. Huku kwetu mambo yamegeuka kwa baadhi yetu: mgeni ndiye mwenye shamba, na mwenyeji ndiye anayeinama. Amri haikusema pembe hiyo apewe mwokotaji kwa sherehe, mbele ya kamera, akishika bango lenye jina la mfadhili. Inasema iachwe. Mwenye shamba anaondoka, maskini anakuja kwa wakati wake, anaokota kwa mkono wake, na hakuna anayemshukuru mwenzake.

Siku hizi jambo hilo ni rahisi kuliko enzi za Ruthu. Katika shule nyingi kila mwanafunzi ana namba yake ya malipo, na mtu yeyote mwenye namba hiyo anaweza kulipa benki au kwa simu. Risiti inatoka kwa jina la mtoto. Kwa hiyo kabla ya muhula wa pili, mgeni mwenye mshahara aende kwa mwalimu mkuu, aombe namba moja ya mtoto wa darasa la mwanawe ambaye jina lake husomwa kila mara. Asiulize ni mtoto wa nani. Mwalimu mkuu asimwambie. Kiasi kisiwe kikubwa kiasi cha kuzua maneno nyumbani kwa watu. Kiwe kile kilichobaki, ili baba aliyepata sehemu asinyang'anywe heshima ya sehemu yake. Namba hizo msije kuzitafuta kwangu, mimi sina, na nisingependa kuwa nazo. Na nendeni kabla ya wiki ya tatu, kwa kuwa orodha ikishasomwa mtoto amekwisha kutembea hadi nyumbani, na kutoka darasani hadi ziwani kule Katwe njia inapita penye nyati.